Nguzo Iliyosimama Jalalani

Tarehe 3 Machi

Mume wangu Masikio,

Pokea salamu ukiwa umeshiba, maana nakujua, ukiwa na njaa husomi barua, unaruka mistari. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma na la kulia limeanza kuliiga. Mama yako naye mzima, kanenepa, nimemwambia hivyo na amenuna siku mbili. Paka amezaa ndani ya sanduku lako la nguo, kwa hiyo usiniulize habari za lile koti la kijivu. Lina watoto wanne.

Anayeshika kalamu ni yuleyule jirani yangu Afande, aliyekaa kwenye geti la mpakani miaka ishirini na minane akigonga mihuri. Mimi shule niliiona kwa nje tu, ilikuwa na bati jekundu. Nimemwambia aandike kila ninalosema na asitie lake. (Naandika kila kitu kama kilivyosemwa. Mwandishi.) Unaona, ameshatia lake.

Sasa tuje kwenye barua yako. Unasema umepata mchumba huko nchi jirani, fundi wa mashine ya kukata karatasi katika kiwanda chenu cha madaftari. Kwanza nimeumia, na mke mkubwa ana haki ya kuumia. Miaka yote nakufulia, nakukuna mgongo, nakuficha nyuma ya mlango mama yako asikuchape, halafu unakwenda kuoa nje ya nchi. Pili nauliza: vidole vyake vimetimia? Mtu wa mashine ya kukata lazima aulizwe. Tatu, unasema harusi ni tarehe ishirini Septemba, huko huko, na kwamba bila mimi huingii ukumbini.

Basi utakaa nje, mume wangu. Nakupenda kuliko meno yangu, na meno yenyewe yamebaki saba. Lakini tangu unatambaa unajua kwamba mguu huu hauvuki mpaka ule. Niliapa, na kiapo changu hakina dirisha. Oaneni huko, kisha mlete nimkague.

Usiniulize sababu. Ukiniuliza nitakujibu habari za paka.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Tarehe 29 Machi

Kwa mke wangu mkubwa, mwenye nyumba na mwenye sanduku langu,

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, nimeshiba, na nimesoma mistari yote, ya Afande pia. Mwambie mama asinune, na paka mwambie koti nimempa. Huku mvua imeingia stoo ikalowesha karatasi, tukashinda wiki nzima tunazianika juu ya kamba kama nepi. Mchumba wangu anakuamkia. Anasema vidole ni kumi, ukucha mmoja ndio haupo, na kwamba mke mwenza anayeuliza maswali kama daktari ameshampenda.

Bibi, sababu sikuulizi. Nakuuliza jambo jingine kabisa. Madaftari yetu miaka yote yana jedwali la kuzidisha nyuma. Mwaka huu Mhariri wetu, mtu anayekunja hata leso yake kwa rula, ameamua jalada la nyuma liwe na mambo kumi ambayo watoto wa huku hawayajui kuhusu nchi jirani, yaani kwetu, na historia tuliyochangia nao. Kazi kanipa mimi kwa kuwa natoka huko. Nimekaa siku tatu nikapata urefu wa mlima na jina la mto. Hayo hata kuku wanayajua. Wewe ulizaliwa mpaka wenyewe haujazaliwa. Nipe mambo.

Moja Mhariri analo tayari, ameliweka la saba, na amelipenda mno. Anasema mpaka wetu umenyooka kama uzi uliovutwa, kilomita sitini nzima, isipokuwa mahali pamoja karibu na kijito, ambapo unaingia upande wa kwetu hatua thelathini na mbili halafu unarudi njiani. Vitabu vyake vinasema wapimaji wa zamani waliupindisha kwa heshima, ili wasipite juu ya kaburi.

Na kuhusu tarehe ishirini Septemba, kiti chako ni cha mbele. Nimekwisha kukiwekea mto kwa ajili ya goti.

Mumeo,
Masikio


Tarehe 17 Aprili

Mume wangu,

Barua imefika na stempu nzuri, nimembandikia mtoto wa paka kichwani. Sote hatujambo. Mama yako amenunua kiti kipya na hataki tukikalie. Mke mwenzangu ana mdomo. Nampenda kidogo, usimwambie.

Mambo unayotaka ninayo hadi yananiwasha. Mwambie Mhariri ashike karatasi, na rula yake.

Anza na ngoma. Nchi hizi mbili zilipopata uhuru, kila moja ilikuwa na bendi ya askari na tarumbeta zake, lakini ngoma kubwa ile ya kubebwa tumboni ilikuwa moja tu kwa nchi zote mbili. Ndiyo maana siku yao na siku yetu zimepishana siku tisa. Ngoma ilipigwa kwanza huku, ikapakiwa kwenye treni ya mizigo pamoja na saruji, ikafika kule imejaa vumbi, wakaipangusa wakawa huru. Watu wakubwa watakwambia tarehe ilichaguliwa na wazee wenye hekima. Ilichaguliwa na behewa. Afande anasema hilo halimo kitabuni. Kama lingekuwa kitabuni lingejulikana, na Mhariri anataka yasiyojulikana.

Andika na king'ora. Mji wao wa mpakani haukuwa na saa. Walikuwa wanaamka kwa king'ora cha kinu chetu cha unga, kilichosikika hadi ng'ambo ya kijito. Sasa mpiga king'ora wetu alikuwa mlevi wa kutupwa. Akilala, mji wao wote unalala. Watoto wao walichapwa miaka sita kwa kuchelewa shule, na pombe ilikuwa yetu. Kama kuna mwalimu wa zamani huko mwombe radhi kwa niaba yangu.

Halafu mpira. Uwanja wa pale kijitoni ulikuwa na goli moja huku na jingine kule. Mwaka ule mpaka ulipofungwa, wakubwa walipogombana kwa mambo yao ambayo hakuna aliyetueleza, mechi ilikuwa katikati. Mpira ukapaa, ukaangukia kule, na geti likafungwa. Sisi tulikuwa mbele goli moja. Hadi leo mechi ile haijaisha, zimebaki dakika kumi na moja. (Mpira huo uliandikishwa kama mzigo usio na mwenyewe. Niliuona stoo kwa macho yangu, wenzetu walipotukaribisha. Mwandishi.)

Na hilo la saba alifute. Vitabu vyake vimedanganywa. Pale hapakuwa na kaburi. Palikuwa na jalala: majivu, maganda, na kiatu kimoja cha baba yangu. Wale wapimaji hawakupindisha kitu kwa heshima, hawakuwa na heshima ya kukwepa hata kuku aliyeatamia. (Nimemuuliza amejuaje. Mwandishi.) Mwandishi aandike, asiulize. Paka hajambo.

Bibi


Tarehe 9 Mei

Mke wangu,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mchumba wangu ameshonewa gauni, amelijaribu mara nne na kila mara anasema fundi amemwibia kitambaa. Karatasi zimekauka lakini zimekunjamana, tunazipiga pasi.

Mhariri alisoma barua yako amesimama. Kwenye ngoma alikohoa. Kwenye king'ora alikaa. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye amekulia mji ule ule na matako yake yanaikumbuka ile miaka sita. Ngoma na king'ora vimepita, Bibi. Mpira umepita pia, ila anataka iandikwe kwamba nyinyi mlikuwa mbele goli moja la kuotea.

Tumekwama kwenye la saba. Anasema hawezi kuwaandikia watoto elfu arobaini neno jalala kwa kuwa bibi ya mtu kasema. Mimi nimemwambia bibi yangu hasemi uongo. Tumebishana hadi chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana kwamba Jumamosi ya tarehe thelathini na moja nitakwenda pale kijitoni mwenyewe na mpiga picha wa kiwanda. Kama kuna kaburi, kaburi. Kama kuna jalala, jalala.

Lakini Bibi, sisi wawili tunajuana. Umenipa mambo matatu kwa kurasa mbili, na la nne ukakimbilia kwa paka. Kiatu cha baba yako kilifikaje kwenye mpaka wa nchi?

Masikio


Tarehe 20 Mei

Masikio,

Salamu baadaye. Usiende.

Mwache Mhariri na kaburi lake. Watoto wa watu hawafi kwa kuamini kaburi. Nimesema usiende, na ninaposema mimi hata mama yako hukaa chini.

Afande amenitazama kwa jicho la geti. Sina zaidi.

Bibi


Tarehe 14 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe ishirini imenifikia jana. Ilipelekwa kwanza kiwanda cha sabuni, wakaikalisha kaunta, bado inanukia. Nilikuwa nimeshakwenda.

Pale kuna nguzo ya saruji imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Kuna bustani ya maboga. Kuna nyumba ya matofali ya udongo na jiko pembeni, na mlangoni alikaa mwanamke mzee anapukuchua mahindi. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinitazama masikio, akatazama moja kisha jingine, akasema, "Hayo masikio ya baba yangu umeyatoa wapi?"

Nilijua tangu zamani kwamba una dada ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Sikujua kwamba anacheka kama wewe, kwa kupiga paja. Bibi Mkubwa alitupa uji, akamwambia mpiga picha amekonda kama waya wa antena. Nilipomwambia natoka kwako alipukuchua hindi zima, halafu akauliza kama bado unakoroma. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mzima."

Nimemwalika harusini. Nakuandikia jibu lake neno kwa neno, maana alinirudisha mara mbili nilipofika njiani ili nisikosee: "Nitakuja kama mdogo wangu atakuja. Na mdogo wangu atakuja siku atakayojibu swali langu moja. Nani alichagua jalala?"

Bibi, pale kwenye nguzo nimeona na kitu kingine. Sikuandikii. Amenikataza, na hata asingenikataza nisingekuandikia. Hicho ni cha kuona kwa macho yako.

Sasa nakuomba bila mzaha. Harusi ina vichwa viwili ninavyovitaka mbele, na kimoja hakiji bila kingine.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Julai

Bibi,

Shikamoo. Wiki ya tano sasa hakuna barua. Mama ameniambia kwenye simu kwamba hujambo, unakula, na ukitajiwa mimi unaanza kufagia. Ua ule haujawahi kuwa safi hivi.

Mhariri anasubiri la saba. Bibi Mkubwa anasubiri. Mto wa goti uko kwenye kiti, mchumba wangu ameutarizi maua mawili.

Nifagie na mimi, ila nijibu.

Masikio


Tarehe 11 Agosti

Mume wangu,

Sisi wazima. Mama yako amekubali tukalie kiti. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja amebaki, nimemwita jina lako kwa sababu hasikii akiitwa.

Leo nimemwita Afande mapema, nimemkalisha, nimempa chai ya maziwa, nikamwambia ataandika hadi kidole kiote sugu. Nilikuwa sisemi kwa sababu ya huyu huyu. Mtu gani anaungama wizi kwa askari? Lakini nimefagia wiki saba na jambo halifagiliki.

Nilikuwa na miaka kumi, dada kumi na mitatu. Baba alikuwa kazini relini, anarudi mwisho wa mwezi. Wakaja wapimaji na minyororo yao na bomba la kuchungulia, wakachomeka nguzo katikati ya nyumba yetu na jiko letu. Nyumba ikawa huku, jiko likawa kule. Mkubwa wao akamwambia mama kwa mkalimani kwamba kuanzia mwezi ujao akitoka kitandani kwenda jikoni awe na karatasi. Mama akacheka, akadhani ni utani wa wageni. Alipoona hawacheki, akaingia jikoni, yaani nchi ya kule, akakaa kwenye kigoda akalia. Sisi tuko mlangoni mwa nyumba, nchi ya huku, tunamtazama.

Nguzo ilikuwa imeshikiliwa na udongo tu. Vibarua wa saruji walikuwa wanakuja nyuma, kesho yake. Wapimaji walipokula wakaenda kuoga kijitoni, dada akasema, tuihamishe. Alikuwa na akili kama sindano. Akasema tuipeleke nyuma ya jiko, ili jiko lije huku kwenye nyumba na sote tubaki nchi aliyokuwamo baba. Tukachimba nyuma ya jiko. Mwamba. Jembe lilitoa cheche. Tukachimba tena pembeni, mwamba. Mimi viganja vilinichubuka, nikakaa chini nikasema sichimbi. Nikamwambia twende nyuma ya nyumba, jalalani, kule udongo ni laini kama unga.

Dada akasema, "Tukiiweka huko sote tutakuwa nchi ya kule."

Nikamjibu, na maneno haya nayasikia hadi leo nikiwa naosha vyombo: "Nchi ni nchi. Muhimu sufuria na kitanda viwe pamoja."

Akanitazama viganja. Akacheka, akanyanyua ncha yake, nikanyanyua yangu. Kesho yake vibarua wakamwaga saruji pale walipoikuta. Hatua thelathini na mbili, niliwahi kuzihesabu. Kwa hiyo mwambie Mhariri kwamba nchi yake iliongezewa ardhi na mtoto mvivu.

Jambo likapita, tukala, tukakua. Nikaolewa na babu yako, huku. Nikawa naomba karatasi kwenda kumwona mama yangu mzazi. Halafu wakubwa wakagombana, geti likafungwa, na mwaka huo huo mama akafa. Nilifika getini nimejifunga kanga ya msiba. Askari aliyenirudisha ni huyu anayeandika. (Ni kweli. Nilikuwa na amri. Mwandishi.) Alikuwa na amri. Alipostaafu akahamia mtaa huu bila kujua mimi ndiye jirani yake, nikamfanya anichotee maji na aniandikie barua, na hajawahi kukataa hata siku moja. Usimchukie. Mimi nilijaribu nikashindwa.

Sasa sikiliza lenyewe. Kama ningekubali kutoka jasho nyuma ya jiko, nyumba ya mama ingekuwa upande wangu na ningemzika kwa miguu yangu, bila muhuri wa mtu. Hilo lilikuwa zito mno kulibeba, nikamtwika mwingine. Mpaka ulipofunguliwa nilimtumia dada maneno kwa kinywa cha mtu: wewe ndiye uliyechagua jalala, wewe ndiye uliyeninyima mama. Nikaapa sivuki. Nimewaambia hivyo babu yako, mama yako, majirani, hadi mwenyewe nikaanza kuamini. Miaka thelathini na sita.

Jibu la swali la dada ni hili, na Afande aliandike kwa herufi kubwa: NI MIMI.

Afande aliweka kalamu chini akatazama dirishani. Nikajua anatafuta pingu. Akaniuliza nguzo ilikuwa nzito kiasi gani. Nikamwambia kama mbuzi wawili. Kisha akasema kwamba wakati akiwa kazini walimpeleka mara mbili kulinda ile pembe, wakamwambia ni mahali patakatifu, na alisimama juani siku nzima amevua kofia. (Nilivua kofia kwa maganda. Mwandishi.) Amecheka hadi amemwaga chai. Doa unaloliona ni lake.

Mpelekee dada barua hii. Kama atakasirika ana haki. Usinitetee.

Bibi


Tarehe 25 Agosti

Bibi yangu, mke wangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, na hayo mengine yatasubiri.

Nilimpelekea Jumapili. Nilitaka kumsomea, akaninyang'anya. Ana miwani imefungwa kwa uzi, na mezani kwake lipo daftari la kiwanda chetu limejaa mwandiko. Amejifunza akiwa na miaka sitini, anasema, kwa sababu hakutaka tena kutumiwa maneno kwa kinywa cha mtu.

Alisoma barua yako mara mbili. Kwenye mvivu alipiga paja. Kwenye geti alivua miwani. Kisha akasema alijua siku zote, alikuwepo, si alishika ncha ya pili? Anasema hakuhitaji kujua nani alikosea, alitaka kukusikia ukisema mwenyewe. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko alivyopanga.

Akanipa maneno ya kukuletea. "Mwambie udongo wa jalalani bado laini. Na mimi ningeweza kukataa kunyanyua ncha yangu. Sikukataa. Mwambie aje kabla ya harusi, tusije tukagombana mbele ya wakwe."

Bibi, hiyo ndiyo barua. Umebaki mguu.

Masikio


Tarehe 9 Septemba

Mume wangu Masikio,

Tazama stempu. Ya huko huko uliko.

Tazama na mwandiko, si wa Afande. Anayeniandikia ni dada yangu, na anaandika polepole kama anachambua mchele, na kila neno ananiuliza kama nina hakika. (Anasema upesi mno. Tangu utoto. Mwandishi mpya.) Unaona, ni ugonjwa wa waandishi wote.

Nilikuja Ijumaa bila kukwambia, maana ungekuja kunipokea na mimi nilitaka kufika peke yangu. Afande alinisindikiza hadi getini amevaa sare yake ya zamani, tumbo limekataa vifungo viwili. Wale maafisa wa sasa walipoanza kugeuza karatasi zangu juu chini, akanipigia saluti. Wakadhani mimi ni mke wa waziri, wakaniletea kiti. Nilipovuka nikageuka nyuma, nikamwona amevua kofia. Safari hii si kwa maganda.

Dada alikuwa amesimama kwenye nguzo. Amezeeka vibaya sana, nimemwambia. Akasema mimi nimezeeka vizuri, ila kimo kimeibwa. Hatukukumbatiana mara moja. Akanishika mkono, akanionyesha kile ulichokataa kuniandikia.

Mama amelala pale pale, ubavuni mwa nguzo. Kichwa kiko nchi hii ya dada na miguu iko nchi yetu. Dada anasema mama aliomba mwenyewe siku mbili kabla. Alijua ni nani walioihamisha, alituona kupitia tundu la jiko. Alisema azikwe hapo, ili mdogo akija asimame upande wake wa mpaka na asihitaji karatasi ya mtu. Miaka thelathini na sita, mume wangu, ningeweza kuja nikasimama pale bila kuvuka hata unyayo, na kiapo changu kisiguswe. Nilikaa chini kwenye maboga. Dada alikaa pia. Tulikaa hadi goti lilipokataa, ikabidi tuinuane, yeye kwa mkono wangu, mimi kwa nguzo.

Kwa hiyo mwambie Mhariri wako lile la saba asiguse. Kaburi lipo. Vitabu vyake vimekosea namna ya kupata, lakini vimepata. Ila akipata nafasi ya mstari mmoja aongeze kwamba palianza na jalala.

Harusi tutakuja sote wawili, utume gari lenye viti laini. Mke mwenzangu mwambie nimeona mto kwenye picha uliyompa dada, maua ni mazuri, moja limepinda. Nitamwonyesha. Na Afande apelekewe mwaliko, mwenye jina lake juu, aje kama mgeni na mtu mwingine amwandikie salamu.

Jioni tumepika uji. Dada alichochea, mimi nikalala kitandani kwa mama nikimsikia akinung'unika jikoni kwamba sijabadilika, bado nachagua palipo laini. Sufuria na kitanda viko pamoja. Njoo na mchumba wako Jumamosi, mlango uko wazi, kutoka upande wowote.

Mkeo mkubwa,
Bibi

(Na bado anakoroma. Mwandishi.)